Turbo au supachaja? Muulizane kwanza nani atakumbuka oili

Akiba ilikuwa ya miaka mitatu. Mama alikuwa akiiweka kidogo kidogo kwenye kikoba cha ofisini, baba akiongezea kila alipopata kazi ya pembeni. Usiku mmoja wa Septemba, watoto wakiwa wamelala, walikaa mezani wakahesabu. Ilitosha gari. Haikutosha gari pamoja na makosa, kwa sababu Januari binti yao mkubwa anaingia kidato cha kwanza, na orodha ya shule ya bweni kila mzazi anaijua: godoro, sanduku, sare, ndoo, ada.

Baba alikuwa na jibu lake tayari kwenye simu: Subaru Forester yenye turbo, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti. Mama naye alikuwa na lake: Nissan Note, lakini si Note yoyote, ile yenye supachaja, kama ya mwenzake wa kazini. Mabishano yakaanza hapo na yakadumu wiki mbili.

Kwa baba, kila kitu kilianzia Kitonga. Familia inakaa Mbezi, Dar es Salaam. Bibi yuko Tukuyu, na kila Desemba lazima waende. Gari lao la kwanza, kabla halijafa injini, lilikuwa likifika kwenye ule mlima wa Iringa na watu watano na mabegi, linakohoa nyuma ya lori la mafuta, na mtoto wa mwisho anatapika kwenye kona. Mwaka wa mwisho, barabara iliponyooka kidogo mbele ya Mafinga, baba alijaribu kulipita lori. Gari likaishiwa nguvu katikati, basi likatokea mbele, na dereva wa lori ndiye aliyewaokoa kwa kukanyaga breki.

"Sitaki tena kitu kile," alisema. "Nataka gari ambalo nikilikanyaga linaondoka."

"Na mimi sikitaki, baba watoto," mama alijibu. "Lakini wewe unanunua gari la siku kumi. Zile nyingine zote naendesha mimi, foleni ya Kimara, watoto nyuma. Mbona hizo huzihesabu?"

Nyumba nyingi hukwama hapahapa, na tatizo lao si ubishi. Kila mmoja anazungumzia safari tofauti, na wote wawili hawajajua vizuri kile chombo wanachobishania kinafanya nini.

Turbo na supachaja ni ndugu wenye kazi moja: kuisukumia injini hewa. Petroli kilo moja inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na ikishajaza mapafu yake, basi, hapo ndipo nguvu inapoishia. Ukitaka zaidi, unanunua injini kubwa au unaipepea ndogo. Ni kama jiko la mkaa: maharage hayaivi, unaweza kuhamia jiko kubwa, au ukachukua kipepeo ukalipepea lililopo.

Tofauti ni nani anayepepea. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, kama altaneta. Injini ikizunguka nayo inazunguka, kwa hiyo ukikanyaga mafuta hewa ipo palepale. Ila anayepepea ni mpishi yuleyule, kwa mkono wake. Sehemu ya nguvu ya injini inaliwa na kazi hiyo, na gharama yake unaikuta kituo cha mafuta.

Turbo haina mkanda. Hukaa kwenye njia ya moshi unaotoka kwenye injini. Moshi huo wa moto huzungusha gurudumu dogo, nalo limeunganishwa kwa fimbo fupi na gurudumu jingine linalosukuma hewa safi ndani. Kilichokuwa kinatupwa kwenye ekzosi kinarudishwa kazini. Ndiyo maana viwanda vingi vimeelekea huko. Hata Mercedes-Benz, iliyouza C-Class nyingi zenye neno Kompressor nyuma, ambalo maana yake kwao ni supachaja, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 iliibadilishia injini ile turbo.

Lakini turbo ina kasoro yake. Ukikanyaga, ni lazima moshi uongezeke kwanza, gurudumu lishike kasi, ndipo nguvu ije. Kwenye magari mapya kusubiri huko ni kufupi sana. Kwenye Forester ya miaka 15 iliyopita unakuona waziwazi: unakanyaga, gari linafikiri, halafu linaruka. Dereva aliyelizoea anajua kulisubiri. Dereva anayelichukua mara mbili kwa mwaka anaweza kushtuka.

Kabla hawajaenda kokote, mdogo wake mama alipita nyumbani na ushauri wake. "Shemeji, mnahangaika nini? Nunueni IST ya bei poa, kuna jamaa mjini anafunga turbo."

Ushauri huu hutolewa sana vijiweni na ni mbaya. Injini iliyozaliwa bila turbo haikutengenezwa kubeba shinikizo lile. Pistoni zake, mbano wake, pampu ya petroli, gia na breki vyote vilipimwa kwa nguvu ndogo. Ukiongeza hewa bila kubadilisha mengine unaipikia injini joto lisiloistahimili, na kampuni ya bima ikikuta gari si lile uliloandikisha, una kesi nyingine mkononi. Watu wanaofanya mashindano hufanya hivyo wakijua injini itafunguliwa tena na tena. Gari la kupeleka watoto shule linunuliwe na kile lilichotoka nacho kiwandani.

Jumamosi walimfuata fundi wao. Baba alitegemea mazungumzo ya nguvu za farasi, na alikuwa amejiandaa: Forester ile ya lita mbili yenye turbo ina karibu 230, wakati dada yake isiyo na turbo inaishia 148 hivi. Note ya supachaja, injini ya lita 1.2 yenye silinda tatu, ina 98, na Note ya kawaida ina 79.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. "Mzee, lile gari la kwanza, oili mlikuwa mnabadilisha kila baada ya muda gani?"

"Ikifika muda wake, fundi."

"Ukifika lini?"

Mama ndiye aliyefungua mkoba. Ile kadi ya sevisi, iliyokuwa ikining'inia chini ya usukani, hakuwahi kuitupa. Iliandikwa: oili ibadilishwe kilomita 126,000. Gari lilikufa likiwa na 139,000. Wote walitazama chini. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu, kwa kuwa baba alidhani mama anakumbuka, na mama alidhani mambo ya injini ni ya baba.

"Injini ya kawaida iliwavumilia kilomita 13,000," fundi alisema. "Turbo isingewasubiri."

Maelezo yake yalikuwa ya dakika chache, lakini ndiyo mzazi anayepitia picha za magari usiku anapaswa kuyasikia kabla ya kutuma hela. Fimbo ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Upande wake mmoja unapigwa na moshi wa petroli unaoweza kufika nyuzijoto 900. Mara nyingi kinachoitenganisha fimbo hiyo na chuma kilichoishikilia ni utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuipoza. Oili ikichakaa na kuwa nzito, au ikipungua kidogo tu, fimbo inaanza kusaga. Inaanza kucheza, sili zinaachia, gari linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Vipande vikivunjika vinaweza kuingia ndani ya injini, na hapo huzungumzii tena turbo bali injini nzima.

Kwa hiyo turbo ya petroli ya umri ule inataka oili ya sintetiki inayotajwa na kitabu cha gari, na fundi huyu hutaka ibadilishwe kila kilomita 5,000. Inataka kijiti cha oili kichomolewe na kutazamwa kila wiki. Na inataka usizime injini ghafla ukitoka kwenye kazi nzito. Ukipanda Kitonga kwa nguvu ukasimama pale juu kununua maji, acha injini iungurume dakika moja au mbili, oili iendelee kupita. Ukizima papo hapo, oili iliyokwama ndani ya turbo yenye moto inaungua na kuwa masizi.

Mama akauliza swali la haki: "Nikifika getini shule nimechelewa, fundi, nani atasubiri dakika mbili?"

"Kwa foleni ya Kimara, mama, turbo haijapata moto wa kutisha. Ukimaliza safari yako polepole inatosha. Tatizo lako wewe ni jingine: safari fupi fupi na foleni huchafua oili kabla kilomita hazijafika. Kwa hiyo usihesabu kilomita tu, hesabu na miezi."

Katika historia ya turbo kuna kisa kinachofanana na ile kadi ya sevisi. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya watu binafsi kuuzwa na turbo. Jingine lilikuwa Chevrolet Corvair Monza la mwaka huohuo. Ili injini isigonge kwa joto, Jetfire ilipewa kitanki kidogo cha mchanganyiko wa maji na methanoli uliokuwa ukinyunyizwa ndani. Mwenye gari alitakiwa akijaze tu. Wengi walisahau. Kitanki kikikauka, gari lilijizuia lenyewe na nguvu iliyolipiwa ikatoweka, wenye magari wakarudi kulalamika. Mwisho wake kampuni ikajitolea kuzing'oa turbo na kufunga kabureta ya kawaida. Watu walionunua gari la kisasa kuliko yote mtaani walishindwa na kazi ya kujaza chupa.

Supachaja nayo si malaika. Haiguswi na moshi wa ekzosi, kwa hiyo haichomwi namna ile, na nyingi zina oili yao ndogo ndani. Ile ya Note ina klachi ya umeme inayoiachia pale nguvu isipohitajika, ndiyo maana foleni haiifanyi ile petroli kwa fujo. Lakini mkanda huchakaa, na ukikatika nguvu inapotea. Kama mkanda huohuo ndio unaozungusha altaneta au pampu ya maji, safari imeishia hapo. Beringi zikichoka inalia kama filimbi. Na hapa fundi alikuwa mkweli kuliko dalali yeyote: supachaja ikifa, mafundi wanaoijua ni wachache, na spea yake utaitafuta. Turbo zina mafundi wa kuzifufua kwa sababu mji umejaa dizeli. Prado za dizeli, Hilux, malori, mabasi ya mikoani, nyingi ya hizo zinapumua kwa turbo.

Na baba hakuwa amekosea kuhusu milima. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na njia ya Tukuyu hupanda zaidi kabla ya kushuka. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15, na injini inayovuta pumzi yenyewe inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho. Gari lililokuwa zuri Mbezi linakuwa goigoi Uporoto. Turbo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Supachaja imefungwa kwa mkanda, haiwezi kuongeza mwendo wake kwa sababu ya mlima, kwa hiyo nayo inapungukiwa, ingawa bado inaishinda injini isiyo na msaada wowote. Kwa familia inayoishi juu, Njombe au Mbeya kwenyewe, na inayosafiri mwendo mrefu kila wiki, hoja ya turbo ni nzito kweli. Kwa familia ya pwani inayopanda mara moja kwa mwaka, uzito wake unapungua.

Jumamosi iliyofuata walikwenda yadi pamoja na fundi. Forester ilikuwa inang'aa. Fundi, kabla hata ya salamu kwisha, aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Mmeliwasha saa ngapi?"

"Nililisogeza tu, bosi," dalali alijibu.

Injini yenye moto huficha mengi. Wakaomba lisiguswe, wakarudi Jumapili asubuhi mapema. Lilipowashwa likiwa baridi, moshi wa bluu ulitoka, mwembamba, kisha ukaisha. Dalali akasema ni wa kawaida. Fundi alizima injini, akafungua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, akamwita baba aweke vidole viwili kwenye fimbo ile. Kucheza kidogo sana upande hadi upande huwa kunaruhusiwa. Hii ilicheza mpaka mabawa yalikwaruza ukuta, na bomba lilikuwa na oili ndani. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na tope jeusi. Bei ilikuwa nzuri, na sasa sababu ilijulikana.

Note walizozikuta zilikuwa tatu, na zote dalali aliziita za supachaja. Moja tu ndiyo ilikuwa na maandishi DIG-S nyuma. Maandishi hubandikwa, kwa hiyo fundi alitafuta namba ya injini: HR12DDR ndiyo yenye supachaja, HR12DE ni ya kawaida. Kisha akatumia muda mrefu kwenye kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja nyumbani, gia za CVT. Oili yake ilikuwa na rangi gani, inanuka kuungua au la, gari linatetemeka likianza kuondoka? Alisema wazi kwamba kwenye Note yeye huogopa gia kuliko supachaja, na kwamba oili yake ni ya aina maalumu, si ile inayouzwa kwenye dumu lolote.

Baada ya hapo mama alikaa kwenye usukani, baba pembeni, watoto watatu nyuma, wakaenda kujaribu vilima vya Goba. Hilo ni jaribio ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Gari hujaribiwa na mtu mmoja kwenye lami tambarare, halafu linaishi maisha yake likiwa na watano. Lilipanda. Halikuruka kama turbo, lakini kila mama alipokanyaga, liliitika.

"Si Forester," baba alisema.

"Si Forester," fundi alikubali kutoka dirishani waliporudi. "Na mkilijazia mizigo ya Desemba, mzee, lile lori la Mafinga utalifuata nyuma mpaka upate nafasi ya kweli."

Mama alimgeukia mumewe. "Na ungekuwa na hizo farasi 230 siku ile, baba watoto, si ungejaribu pabaya zaidi?"

Baba hakujibu haraka. Nguvu ya kupita ni usalama pale tu mbele panapoonekana. Pasipoonekana, inamsogeza mtu karibu zaidi na basi. Binti wa darasa la saba, ambaye siku ile alikuwa amekaa nyuma ya dereva, alikuwa anasikiliza.

Walilipia Note. Kikokotoo cha TRA mtandaoni kilikuwa kimeshawaonyesha kwamba ushuru hupanda kwa umri na ukubwa wa injini, kwa hiyo tofauti ilibaki, na ikaenda kwenye godoro na ada. Kadi mpya ya sevisi haikuwekwa chini ya usukani. Ilibandikwa kwenye mlango wa friji, kilomita na tarehe, kichokuja kwanza, na binti akapewa kazi ya kusoma namba ya dashibodi kila Jumapili mpaka atakapoondoka kwenda shule. Baada yake mdogo wake atashika zamu.

Lilibaki suala la mizigo ya Tukuyu. Bibi hakubali wageni waondoke mikono mitupu, na gunia la mchele wa Kyela na mikungu ya ndizi huwa haviombewi ruhusa. Walikubaliana kwamba watu watarudi kwa Note, na mchele utarudi kwa basi.

"Basi lina turbo," baba alikumbusha.